Hatuna Neno Naye

Kulikuwa na mfungwa mmoja. Simpi jina, maana nawajua ninyi washarika wangu: nikilitaja jina tu, mtaacha kusikiliza mtaanza kuulizana huyo ni wa ukoo gani na amezaliwa kitongoji kipi. Basi na abaki hivyo hivyo, mfungwa.

Mtu huyu kabla ya gereza alikuwa mkulima wa milimani, kule ambako maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu. Alipakana shamba na jirani yake. Waliazimana majembe, na watoto wao walikula popote njaa ilipowakuta. Sasa kiangazi kimoja kikawa kikali. Zamu ya maji ilikuwa ya huyu, na yule jirani akayafungulia kwake. Mnayajua maneno ya mfereji yanavyopanda. Huyu akasema, yule akajibu, huyu akarudishia, na mwisho huyu akainua mpini wa jembe akampiga mwenzake mara moja. Mara moja tu, ndugu zangu. Jirani akaangukia kingo za mfereji na hakusimama tena.

Lakini hakukata roho palepale. Alikaa muda kama wa mtu kumaliza sahani ya chakula, na aliyekuwa amemshika kichwa ni huyu huyu aliyempiga, maana shambani hapakuwa na mwingine. Katika muda huo marehemu alisema maneno. Akasema, mpelekee mke wangu maneno haya. Kisha akanyamaza.

Huyu akakamatwa, akapelekwa mjini mahakamani. Hakukana. Mahakama ikaona hakukusudia kuua, lakini ameua, ikampa miaka kumi na miwili. Kwenye kesi aliulizwa mambo mengi: mpini ulikuwa na urefu gani, alisimama upande upi, alipiga kwa mkono gani. Hakuna aliyemuuliza marehemu alisema nini. Na mjane hakuwepo kusikia lolote, alikuwa bado na msiba wake, na mji ulikuwa mbali.

Najua kuna wanaojiuliza, mbona asiandike barua? Wanaouliza hivyo ni ninyi vijana wa simu. Akina mama hapa mbele hawaulizi. Kwa watu wale, neno la mtu anayekufa halipelekwi ndani ya bahasha. Unakwenda nalo mwenyewe. Unafika, unavua kofia, unakaa kwenye kigoda cha chini, unatoa pole kwanza, ndipo unalisema. Na kama wewe ndiwe uliyemuua, ndiyo zaidi. Sasa atakaaje kwenye kigoda cha mjane na yeye yuko gerezani?

Basi akatumikia. Akajifunza useremala humo ndani, akawa fundi wa viti. Miaka ikaenda. Mwaka wa tano, afande mmoja mwenye moyo akamwambia kuna kitu kinaitwa parole, aombe.

Parole, wapendwa, si msamaha. Kifungo kinabaki palepale. Ni mfungwa aliyeonekana amebadilika, anaruhusiwa amalizie siku zake nyumbani, chini ya uangalizi, na akikosea anarudishwa ndani. Mpishi wa wali ataelewa haraka. Maji yakishakauka, sufuria haiachwi juu ya moto mkali. Unaupalia wali makaa, unamalizia kuiva taratibu. Nani anaamua? Kuna bodi. Na bodi kabla ya kuamua inauliza kwanza huko mtu anakotaka kurudi: je, mko tayari kumpokea?

Barua ikashuka mpaka kijijini. Mwenyekiti akaitisha mkutano, mtendaji akasimama akasoma. Jina la mfungwa, kosa lake, tabia yake gerezani nzuri, fundi wa viti. Halafu swali: je, jamii iko tayari kumpokea?

Mmoja akaanza kurekebisha kofia yake. Mwingine akaulizia mradi wa maji ya bomba umefikia wapi. Mnajua kwa nini? Mjane alikuwepo. Alikuwa amekaa upande wa akina mama, na hakuna aliyethubutu hata kumtazama. Kule, mbele ya aliyefiwa hutaji jina la aliyemfisha mtu wake. Ni adabu. Miaka yote mitano hakuna aliyewahi kulitaja jina lile mbele ya mama yule, hata kwa bahati mbaya. Na upande wa pili walikuwepo ndugu wa mfungwa, wameinamisha vichwa. Wakisema ndiyo, wanamkanyaga mjane. Wakisema hapana, wanawaumiza ndugu. Sasa wafanyeje?

Hapo akasimama mzee mmoja wa kanisa, mtu hodari wa maneno. Msigeuke kutazamana, si wa usharika huu. Akasema, "Mtendaji, mbona unatuchosha kwa jambo dogo? Andika hivi: kijiji hakina neno naye."

Watu wakashusha pumzi. Walimpigia makofi. Muhuri ukagongwa, mkutano ukahamia kwenye bomba la maji, na kila mtu akaenda nyumbani akijiona mwema.

Hebu tulitazame neno hili, maana sote tunalitumia. Sina neno. Ukilitaka liwe ndiyo, ni ndiyo. Ukilitaka liwe kimya, ni kimya. Mke anakuuliza, baba fulani, mama yangu anataka kuja kukaa nasi mwezi mzima, unasemaje? Wewe macho kwenye gazeti unamjibu, sina neno. Mama mkwe akija akakuta umenuna, utasema mbona nilikubali. Asipokuja, utasema mbona sikukataa. Naona wanaume mnacheka. Wake zenu hawacheki.

Basi barua ikapanda mpaka kwenye bodi. Bodi ikaisoma, ikashindwa kujua wale watu wanasema nini hasa. Na bodi isipojua, haimtoi mtu. Akienda akafanyiwa vurugu, nani atajibu? Ikamwandikia mfungwa mstari mmoja: ombi lako halikukubaliwa. Sababu haikuandikwa.

Mfungwa alilia siku ile. Hakuwa analilia kulala nje ya gereza tu. Alikuwa na neno la marehemu kifuani, na mwaka wa sita ulikuwa unaingia. Akatafuta mwenzake aliyekuwa mwalimu kabla ya kufungwa, wakaandika maombi kwenda Mahakama Kuu. Yakapokelewa. Ikachukua mwaka na zaidi, lakini siku ikafika, akasimamishwa mbele ya jaji.

Jaji alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, msikilizaji. Alisoma makaratasi yote, akawauliza wa bodi maswali mpaka wakatoka jasho. Kisha akasema mfungwa ameonewa kwa jambo moja. Bodi ilipaswa kumsikiliza na kumpa sababu, nayo haikufanya hivyo. Akaufuta ule uamuzi, akaamuru bodi ikae upya ndani ya siku sitini, imsikilize. Akafunga faili.

Mfungwa akabaki amesimama. "Mheshimiwa," akasema, "basi naruhusiwa kwenda nyumbani?"

"Hapana. Unarudi gerezani kuisubiri bodi."

"Mheshimiwa, ni mahakama iliyonifunga. Anayefunga si ndiye anayefungua?"

Mama yule akavua miwani. Angeweza kumwambia kimya, umeshapewa uamuzi. Hakufanya hivyo. Akamwambia, "Mahakama ilipima kosa lako, na hiyo ndiyo kazi tuliyopewa. Lakini parole ni kurudi kuishi na watu, na kuipima safari hiyo sheria imewapa wengine. Naweza kuilazimisha bodi ikusikilize. Siwezi kukaa kwenye kiti chake nikaamua kwa niaba yake. Na hata bodi ikisema ndiyo, hakuna amri ninayoijua mimi ya kumlazimisha jirani yako aitikie salamu."

Akarudishwa gerezani jioni ileile. Wenzake wakamzunguka, vipi kesi? Akasema nimeshinda. Wakasema, umeshinda, mbona umerudi kula dona na sisi? Nyapara wao akampa jina, akawa anamwita Mshindi. Mshindi, leo zamu yako kufagia. Mshindi, beba maji. Na yeye alifagia, akabeba.

Wapo mnaomkasirikia jaji. Nami nilipokuwa naufikiria mfano huu nilimkasirikia. Lakini hebu jiulize, alikosea wapi? Hapa ndani kuna mtu aliyempeleka ndugu yake mahakamani kwa sababu ya kiwanja, akashinda, karatasi anayo kabatini. Nikuulize wewe, Krismasi mnakula pamoja? Je, kuna hakimu anayeweza kuiandika hukumu ya namna hiyo, kwamba kuanzia leo mpendane, asiyependa alipe faini? Mahakama ni kitu kizuri, tuiombee. Lakini ina mahali inapoishia, na jaji mwema ni yule anayepajua mahali pale.

Tuendelee. Bodi ikakaa, siku sitini hazijaisha. Safari hii mfungwa akaitwa, akapewa kiti. Mwenyekiti wa bodi akamwambia sababu ni hii karatasi iliyotoka kwenu, akamsomea: kijiji hakina neno naye. Akasema karatasi hiyo imewagawa wajumbe. Nusu wanasema hiyo ni ndiyo, watu hawana kinyongo. Nusu wanasema hao wamenawa mikono.

Mfungwa akaomba aishike. Akaupapasa ule muhuri. Miaka saba alikuwa hajagusa kitu kilichotoka kwao. Akasoma mwenyewe, polepole, kisha akairudisha mezani kwa mikono miwili.

"Waheshimiwa," akasema, "msigawanyike kwa ajili yangu. Mimi nimezaliwa kule, na neno hili nimelisema mwenyewe mara nyingi. Maana yake ni, usije, ila usiseme tumekukataa."

Mwenyekiti, mtu mzima, akajikohoza, akasema hapana, tutawauliza tena, na safari hii wajibu ndiyo au hapana, na aliyefiwa aulizwe yeye mwenyewe. Barua ikaanza kushuka upya. Mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji. Mnazijua barua zetu zinavyotembea.

Ikafika. Mkutano ukaitishwa. Mtendaji akasoma ile amri kwamba aliyefiwa aulizwe, na akaisoma akiwa ameangalia chini kwa aibu. Watu wakaanza kunong'ona, jamani, huu ni ukatili, huyu mama aachwe na msiba wake. Yule mzee hodari wa maneno akasimama tayari kutafuta neno lingine. Ndipo mjane akasimama.

Hakuwa mama wa makelele. Akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Wazee wangu, tangu mume wangu afe mmenitunza. Mmenilimia, mmeninyweshea shamba, nawashukuru. Lakini kuna jambo mmenifanyia baya kuliko njaa. Kila nikikaribia, mnanyamaza. Mnadhani mnanilinda. Mume wangu alikufa mikononi mwa nani? Mwa huyo mnayemficha jina lake. Hapakuwa na mwingine. Mimi sijui hata kama aliita jina langu. Ni mtu mmoja duniani anayejua, na ninyi mlipoulizwa kama arudi, mkajibu kwa niaba yangu na mimi nimekaa hapahapa."

Mtu akamuuliza kwa sauti ya chini, "Kwani mama, umemsamehe?"

"Kuna asubuhi ninamsamehe, na jioni nimeurudisha msamaha wangu ndani. Hayo ni yangu na Mungu. Mimi nasema aje. Aje akae kwenye kigoda pale kwangu, aniambie."

Siku ile hakuna aliyeulizia bomba la maji. Yule mzee hodari wa maneno alikaa chini, akajifunika uso kwa kofia. Mtendaji akaandika neno moja, ndiyo, na chini yake mjane akaweka dole gumba lake. Barua ikaanza kupanda. Kijiji, kata, tarafa, wilaya, mkoa. Hakuna aliyeikalia kwa ubaya. Mahali pamoja mwenye muhuri alikuwa likizo. Mahali pengine mvua ilikata barabara. Ikapita kwenye bodi, ikafika gerezani siku ya Jumanne.

Mfungwa alikuwa ametoka Ijumaa iliyopita. Nidhamu yake ilikuwa nzuri, akapunguziwa theluthi ya kifungo kama sheria inavyosema, na siku zake zikaisha. Hakutolewa na jaji. Hakutolewa na bodi, wala na kijiji. Alitolewa na kalenda.

Afande wa langoni, ndiye yule yule aliyemwambia habari za parole, alimpa mkono siku ile ya Ijumaa. Akamuuliza, "Sasa moja kwa moja nyumbani?"

Akamjibu, "Nyumbani hawana neno nami." Akavuka barabara, akapanda gari linaloelekea upande mwingine.

Wengine walisema alionekana kwenye machimbo. Wengine wakasema anachonga viti katika mji mmoja wa mpakani, kwa jina jingine. Kijiji kilituma watu wawili kumtafuta, wakarudi mikono mitupu. Mjane bado yupo. Hakuna mchungaji anayeweza kumfariji, maana hata mchungaji hajui.

Na ninyi mnataka kujua marehemu alisema nini pale mferejini. Nawaona usoni. Alimwomba mkewe radhi? Alimwambia jambo la shamba, la mtoto, la mapenzi? Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeutunga mfano huu, na sijui. Mtu mmoja ndiye aliyelijua neno lile, naye tulimwambia asije. Tulimwambia kwa upole mno, kwa adabu, na kwa muhuri.

Nimesema tulimwambia. Sikukosea. Sisi watu wa kanisa hatupigi mawe. Dhambi yetu siyo hiyo. Sisi dhambi yetu ina sauti nzuri. Binti amezaa nyumbani anaomba kurudi kwaya, tunasema hatuna neno, na wiki inayofuata kiti chake kimehamishwa. Mtu ametoka kwenye ulevi anaomba kazi, hatuna neno naye, ila nafasi imejaa. Tunaiachia serikali ifungue, jaji aamue, bodi ikae, halafu sisi tunasimama nyuma yao tumekunja mikono, tukisema hayo ni mambo ya sheria. Sheria inaweza kumfikisha mtu mpaka langoni mwa gereza. Kutoka pale mpaka kwenye kigoda cha yule mama, hakuna sheria inayotembea. Ni mimi na wewe.

Na nani kati yetu aliyekubaliwa na Mungu kwa neno la namna hiyo? Siku ulipopiga goti na uchafu wako wote, ungejisikiaje mbingu zingekujibu, hatuna neno naye? Ulitaka ndiyo. Ulipewa ndiyo, na iligharimu damu.

Namalizia. Kwaya, kaeni kwanza, msisimame. Wazee wa kanisa, matangazo yatasubiri.

Juzi mtendaji wa kijiji chetu amekuja nyumbani kwangu na karatasi. Hii hapa. Imetoka kwenye bodi, ina jina, na jina hilo ninyi wote mnalijua, ingawa ni miaka mingi hatujalitaja humu ndani. Waliofiwa tumekaa nao kwenye mabenchi haya. Sikutaka kurudia kosa la watu wa mfano, kwa hiyo jana nilikwenda kwao, nikakaa chini, nikawauliza. Walichonijibu watakisema wenyewe kwa vinywa vyao.

Kesho kuna mkutano, lakini mkutano wa kesho ni sisi hawa hawa tuliobadilisha nguo. Kwa hiyo tuanze hapa. Mwenye kusema aje, asimame aseme aje. Mwenye kusema hapana, asimame aseme hapana, na aseme kwa nini. Sitamchukia, nitakwenda kwake tuzungumze. Kalamu ninayo. Nitaandika ndiyo, nitaandika hapana, na lile jingine sitaliandika hata kama atalisema askofu.

Fungeni milango ile ya nyuma, watoto wasitoke. Nalisoma jina.